Je, Kulipima Neno la Mkubwa ni Kumdharau?

Wako wazee wasemao kwamba kijana akaguaye neno la mkubwa wake hana adabu. Tena wako vijana waonao kwamba, kwa kuwa wamesoma, wana ruhusa ya kumwaibisha kila aliyekosea. Natuwapime wote wawili kwa mfano wa hesabu moja.

Twaa 1, uizidishe kwa 2; jibu nalo ulizidishe kwa 2, ukaendelee vivyo hivyo hata utimize mara 67. Kisha toa 1. Utapata namba hii yenye tarakimu 21: 147,573,952,589,676,412,927. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliandika mwaka wa 1644 kwamba namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Mersenne alikuwa mtu wa elimu kubwa, na wataalamu wengi wa Ulaya waliandikiana naye barua. Neno lake likakaa miaka 232.

Mwaka wa 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba namba ile si tasa. Lakini njia yake haikuonyesha ni namba zipi ziigawanyazo. Ni kama mtu ajuaye kwamba mtungi wavuja, asiuone ufa. Hata Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu mjini New York, Frank Nelson Cole akaonyesha kwamba 193,707,721 ikizidishwa kwa 761,838,257,287 hutoa namba ile ile. Husimuliwa kwamba aliifanya hesabu ubaoni pasipo kunena neno, kisha akaketi.

Hapa twajifunza mambo mawili. Kwanza, neno haliwi kweli kwa sababu ya cheo cha msemaji. Mtoto wa shule ajuaye kuzidisha, akiwa na karatasi na saburi, aweza kuihakikisha hesabu ile bila kumtegemea Cole wala Mersenne. Hata Mtume Paulo alipohubiri Beroya, watu wa huko waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Nao katika Matendo ya Mitume wamesifiwa, hawakulaumiwa.

Pili, Cole hakumtukana marehemu; alileta kazi. Wala Mersenne hakupoteza heshima yake. Namba za namna hii zaitwa kwa jina lake mpaka leo, ingawa katika orodha yake yameonekana makosa 5.

Basi, mzee wa kanisa asomapo hesabu ya sadaka, na kijana akaona shaka, asiende kunong'ona njiani. Na aombe kwa adabu fedha zihesabiwe tena mbele ya wote. Na mzee naye asikasirike. Kwa maana ikiwa hesabu yake ni sahihi, kuhesabu tena kutamthibitisha, na ikiwa amekosea, kijana yule amemwondolea mzigo ambao angaliuchukua bila kujua.