Adabu ya Mjumbe Aliyekataliwa

Mtu aliyeamini kwa ikhlasi ya kuwa Injili ni uhai wa wanadamu hawezi kuihubiri kwa moyo baridi, na kwa sababu hiyo akikataliwa huumia sana, maana kilichokataliwa ni kile akipendacho kuliko nafsi yake. Na katika maumivu hayo ndimo ghadhabu hupenya, ikijivika joho la bidii ya dini.

Luka ametuhadithia, katika mlango wa 9 wa Injili yake, jinsi kijiji kimoja cha Wasamaria kilivyokataa kumpokea Bwana Yesu alipokuwa akishika njia ya Yerusalemu, na jinsi Yakobo na Yohana, wanafunzi wake wa karibu, walivyoomba idhini ya kuuita moto wa mbinguni uwateketeze wenyeji. Waliokemewa siku ile ni wanafunzi. Wasamaria hawakuambiwa neno, na msafara ukaenda kijiji kingine. Wako wanaolitaja agizo la Bwana kwa wanafunzi, la kukung'uta mavumbi ya miguuni watokapo katika mji usiowapokea, kana kwamba ni ruhusa ya kulaani. Mimi naliona kuwa ni agizo la kuondoka, kwani aliyekung'uta mavumbi amekwisha kutoka mjini, habishani tena barazani, na hukumu amemwachia Mwenyewe.

Lakini sisi wa pwani hii, tunaoteka maji kisima kimoja na hao waliotukatalia, hatuna kijiji kingine cha kwendea.

Katika pwani hii hii, mmishonari Dakta Johann Ludwig Krapf alipofika Unguja mwanzo wa mwaka 1844, mtawala wake, Sayyid Said bin Sultan, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, ijapokuwa alijua vyema ya kuwa mgeni huyu ameletwa na dini isiyokuwa yake. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Krapf alifiwa na mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, akamzika mkewe bara, mkabala wa kisiwa cha Mombasa; hata hivyo kazi ya kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili haikukoma, na aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Mohieddin, kadhi wa Mombasa. Jambo hili natamani kila mhubiri alitafakari kwa kituo. Kadhi hakuiacha dini yake, lakini elimu yake na ufasaha wake alivitoa kwa mtu ambaye itikadi yake hakuikubali, na milango ile ya kwanza ya Biblia katika lugha yetu ikapita mikononi mwake. Mjumbe aliyefadhiliwa hivyo angemkasirikia kadhi kwa haki gani, hali mjumbe ndiye mdeni?

Mmishonari mwenzake Johannes Rebmann naye, aliyewasili mwaka 1846, alikaa Rabai hata mwaka 1875, akijifunza lugha na kuandika kamusi, akaondoka akiwa kipofu, na waliobatizwa kwa kazi yake walikuwa wachache. Wapo watakaosema umri ule ulipotea. Mimi sisemi hivyo, kwa kuwa kukaa jirani na watu wasiokubali neno lako, miaka nenda miaka rudi, ni ibada.

Uko upole ninaouhofia kuliko hasira yenyewe, nao ni upole wa mtu amchekeaye aliyemkatalia kwa kuwa bado anamwinda: humzuru akiugua, humkopesha fedha, huwajulia hali watoto wake, na moyoni anahesabu siku atakapolipwa kwa ubatizo. Marko asimulia ya kuwa Bwana alimtazama yule mtu tajiri akampenda, kisha yule akaenda zake kwa huzuni; hatusomi kwamba alikimbiliwa njiani, wala kwamba sharti la kuuza mali yake lilipunguzwa ili arudi. Imani isiyo na hiari si imani, na aliyeniambia hapana ametumia uhuru ule ule nilioutumia mimi niliposema ndiyo, uhuru ambao Mwenyezi Mungu alimpa kabla sijamjua. Nikimnyima heshima kwa ajili hiyo, nimemtia aibu Aliyenituma.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu Mkristo: jirani yako aliyekukatalia jana akifiwa leo, nenda matangani mapema, ukae jamvini na wenzako, ubebe maji na kuni kama wabebavyo wengine, na mahubiri uyaweke mpaka siku atakapokuuliza mwenyewe.