Deni la Kitabu cha Pili

Msomaji, Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, alitokea mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, akarejea katika vitabu vingine. Kitabu cha kufuata kikikuvunja moyo, nani mwenye deni? Hukumu yataka haki. Mwandishi aliyeuza jina lake tu, pasipo jasho, amekudhulumu. Lakini huenda nawe wadai lisilowezekana: mshangao uleule mara mbili. Mkulima wa milima ya Wundanyi hailaumu ardhi kwa mavuno haba kabla hajalitazama jembe lake. Basi pima kwanza tumaini lako, kisha kazi ya mwandishi. Wala ubovu wa kitabu cha pili haufuti furaha ya cha kwanza. Hiyo ulikwisha kulipwa kamili.