Kitabu na Mtoto Mwenye Kuuliza

Wazazi wengi hufurahi mtoto wao ajuapo kusoma, lakini huona shaka aanzapo kuuliza. Je, ni haki kumpa mtoto kitabu, kisha kumkataza maswali yanayozaliwa na kitabu hicho?

Tutazame mfano wa mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Alizaliwa Limuru mwaka 1938, akaingia shule mwaka 1947 kwa juhudi ya mama yake, ambaye mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Katika kumbukumbu za utoto wake, alizozitoa mwaka 2010, aeleza jinsi alivyopata Agano la Kale katika Kigikuyu, lugha ya nyumbani kwao. Hapo alitambua kwamba aweza kujisimulia hadithi mwenyewe, saa yoyote, pasipo kungoja jioni na msimulizi. Akasoma mchana, na usiku, mafuta ya taa yalipokwisha, akasoma kwa mwanga wa moto.

Mtoto huyo hakuacha kuuliza. Mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, akatamka wazi kwamba yeye si Mkristo, akalihoji Kanisa juu ya ushirika wake na ukoloni. Basi kitabu cha Kanisa kilimlea mtu aliyekuja kulikosoa Kanisa. Je, ingalikuwa heri kama asingalipewa? Hasha! Kumnyima mtoto kitabu hakumfanyi kuwa mwema. Kwamfanya kuwa kimya, nasi twaudhani ukimya huo kuwa utii. Na imani isiyostahimili swali ingaliangushwa na jambo jingine lolote.

Wazazi wa Wanging'ombe, shamba na mifugo vina saa zake, na yafaa mtoto ashiriki kazi za nyumbani. Lakini mwachieni pia saa ya kusoma kitabu kisicho cha mtihani. Wala msiseme, "Sisi hatukusoma, tutamsaidiaje?" Mama yake Ngũgĩ alikuwa akimwuliza mwanawe kama hayo aliyoyafanya shuleni ndiyo mema kupita yote awezayo. Swali hilo halikuhitaji cheti.

Usiku wa baridi, mkiota moto, mwambieni mtoto awasimulie aliyoyasoma. Naye akiuliza, mjibuni. Na msilolijua, litafuteni pamoja naye. Wazee walisema kuuliza si ujinga: neno hilo lawahusu wazazi pia.