Hongo ya Jicho

Kutazama ni kazi nyepesi kwa mwenye macho, lakini kukijua kilichotazamwa ni kazi nzito. Elimu ya nafsi imeifanya kazi hiyo kuwa njia ya utafiti: mtafiti hukaa mahali watu waendeshapo maisha yao, hawaamuru watende nini, huandika watendayo. Njia hii ina swali lisilojibiwa na kalamu peke yake. Mtazamaji anadaiwa nini na mtazamwa?

Njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Tabora hadi Ujiji, ilikuwa na sheria yake juu ya wapitaji. Msafara uliopita katika nchi ya mtawala ulitoa hongo. Neno hilo leo lina harufu mbaya, lakini siku zile lilikuwa ushuru wa njia: mpitaji alikiri kwa mkono wake kuwa nchi ina wenyewe. Nguo na ushanga vilitozwa. Jicho lilipita bure.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, Novemba 1857. Kitabu cha Burton kilitoka London mwaka 1860. Katika habari za bei, njia na bidhaa, wanahistoria wangali wakikitumia. Katika habari za tabia za watu, hukumu zake ni kali na mara nyingi ni za dharau. Sababu moja ni dhahiri. Wapagazi aliwatazama wakiwa chini ya mizigo, katika njaa na homa, mbali na makwao. Kisha mambo ya safari akayaandika kuwa mambo ya asili yao. Macho yake hayakukosa kuona. Yalikosa kutenganisha kitendo na hali ya mtendaji. Ndiyo maana mwanafunzi wa elimu ya nafsi huonywa mapema: andika kwanza lililotendeka, ndipo ulifasiri, na mtu wa pili atazame kwa macho yake mwenyewe, ili maandishi mawili yalinganishwe.

Yuko atakayesema kuwa dawa ni kujificha, kwa kuwa ajuaye anatazamwa hubadilika. Hoja hiyo ina nguvu: mpagazi mbele ya mnyapara si mpagazi aliye peke yake. Sokoni, mbele ya watu wote, kutazama si wizi. Lakini ukweli uchukuliwao kwa siri nyumbani mwa mtu ni kama pembe iliyopitishwa usiku: huenda ikauzwa kwa bei ile ile, na mwenye nchi akabaki hana lake.

Iko njia nyingine. Katika miaka ya 1954 na 1955, Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa muda wa saa mbili, alasiri, saa ambazo akina mama hupokea wageni. Alikuwa na mkalimani, wala hakujificha. Huko aliona jinsi mtoto mchanga amfanyavyo mama kuwa kituo cha kutokea kwenda kuujaribu ulimwengu, na cha kurudia anapoogopa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Hongo yake ilikuwa muda na adabu ya mgeni. Hata hivyo, mama mwenye mgeni si mama aliye peke yake. Basi mtafiti mwaminifu hujiandika na yeye katika alichokiona.

Tena watazamwa wana macho. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na ndani yake Livingstone na Stanley ni watu walioonwa. Asiyekubali kuonwa hivyo hajapata ruhusa ya kuona. Na daftari likifungwa, aliyeandikwa ana haki ya kuuliza yaliyomo.