Mifugo Yetu Ina Mwenyewe

Kila siku ya soko twaona jambo ambalo tumelizoea mno, hata hatulioni tena kuwa ni kosa. Kuku wamefungwa miguu, wamening'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli au pikipiki, na kusafirishwa hivyo mwendo mrefu katika jua kali. Wengine wafika wamekwisha kufa. Mwuzaji husikitikia fedha iliyopotea. Lakini ni nani asikitikiaye mateso yale?

Huenda msomaji mmoja akauliza: je, gazeti la dini halina neno la maana kuliko kuku? Twamjibu kwamba Kristu Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kumtaja kuku. Alipouombolezea mji wa Yerusalemu alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga vyake chini ya mbawa. Alifundisha tena kwamba shomoro, ambao bei yao sokoni ilikuwa ndogo kabisa, hawasahauliwi na Mungu. Na hapo kale Torati iliagiza kwamba ng'ombe na punda nao wapumzike siku ya Sabato, na kwamba ng'ombe apuraye nafaka asifungwe kinywa.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha kwamba ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi; lakini kuwatesa au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliyakumbusha hayo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Basi hatusemi kwamba kula nyama ni dhambi, wala kwamba kuku ni sawa na mtu. La! Twasema kwamba ruhusa ya kuchinja si ruhusa ya kutesa. Sisi ni mawakili tu. Mifugo yetu ina Mwenyewe, naye atatutaka hesabu.

Jambo hili linatuhusu leo kuliko jana. Katika nchi za Ulaya, baada ya Vita Kuu ya Pili, ufugaji wa kuku wa mayai uligeuka ukawa kama kiwanda. Kuku walisongwa ndani ya vizimba vya waya, kila mmoja akiwa na nafasi isiyofika ukubwa wa karatasi moja ya kuandikia barua. Mwaka 1964 mama mmoja wa Uingereza, Ruth Harrison, aliandika kitabu kuyafichua hayo. Serikali yake ikaunda tume, nayo mwaka 1965 ikasema kwamba mnyama afugwaye apaswa kupata walau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyosha viungo vyake. Haki ndogo kama hiyo ilichukua miaka mingi kupatikana: vizimba vitupu vya namna ile vilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Januari 2012. Nasi, je? Vizimba walivyoviacha wenzetu twaviona vikitangazwa kwetu kuwa ndiyo maendeleo.

Muumba amempa kuku maumbile yake. Hupenda kuchakura ardhi, kuoga vumbi, kutafuta kiota cha faragha kabla ya kutaga, na kupanda juu ya fito usiku ukiingia. Kizimba kitupu chamnyima yote hayo maisha yake yote.

Twalijua neno la mfugaji. Husema kwamba kizimba hupunguza haja ya ardhi na ya vibarua, na kwamba yai la bei nafuu ni chakula cha mtoto wa maskini. Neno hili si la kudharauliwa, wala hatumhukumu mjane afugaye katika uwanja mdogo wa mjini. Lakini kati ya kizimba na uwanja mpana ipo njia ya katikati: banda lenye hewa na nafasi, maranda au pumba za mpunga sakafuni, viota vya kutagia na fito za kulalia. Seremala yeyote wa mtaani aweza kuvitengeneza.

Tena, ufugaji huria si kumwacha kuku ajitafutie bahati. Ni wangapi kati yetu huwafungulia kuku asubuhi na kuwakumbuka tu mgeni ajapo? Vifaranga huchukuliwa na mwewe na kicheche, na mdondo ukiingia hufagia kijiji kizima, ijapokuwa chanjo yake ni tone moja tu la jicho kila baada ya miezi mitatu. Huo nao ni ukatili, ukatili wa uvivu. Kuku aliye huru ahitaji banda la usiku, maji safi, kivuli na punje za jioni.

Serikali yetu ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nasi twaipongeza. Lakini askari hawezi kusimama kwenye kila njia iendayo sokoni. Mlinzi wa kwanza ni dhamiri, na dhamiri hulelewa nyumbani. Enyi wazazi, msafirishe kuku katika tenga lenye nafasi. Mchinje kwa kisu kikali, upesi. Msiwaache watoto kufanya mchezo na uchungu wa kiumbe kisichoweza kujitetea. Mtoto azoeaye kuucheka uchungu huo hatakawia kuucheka uchungu wa mwenzake.

Twaketi mezani kila siku na kumwomba Mungu akibariki chakula chetu. Basi tuishi na mifugo yetu kwa namna ambayo, tukiombea chakula hicho, tutaweza kumwonyesha Mwenyewe bila haya njia yote kiliyopitia hata kufika mezani.