Aondokaye Kabla ya Filimbi



Katika darsa yetu ya juma lililopita, baada ya kumaliza kusoma mlango wa kutimiza ahadi, ndugu mmoja alitutolea suala ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatunyamazisha. Ndugu huyu leo ni mtu mzima mwenye watoto, walakini suala lenyewe amelichukua moyoni tangu ujana wake. Alisema kwamba tarehe 13 Mei 2012 alikuwa pamoja na wenziwe katika ukumbi mmoja hapa Mombasa, wakitazama kwa televisheni mchezo wa mpira baina ya Manchester City na Queens Park Rangers. Ulikuwa ni mchezo wa mwisho wa ligi ya Uingereza kwa mwaka ule. Wote walikuwa mashabiki wa City, timu ambayo haikuwa imepata ubingwa wa ligi tangu mwaka 1968, na siku ile ilihitaji kushinda ili iwatangulie jirani zao, Manchester United.

Mchezo ulianza saa kumi na moja ya jioni kwa saa zetu. Ilipofika kiasi cha saa kumi na mbili na robo, timu zikiwa sawasawa kwa bao moja moja, muadhini akaadhini Magharibi. Ndugu yetu akainuka akaenda msikitini. Wenziwe wakamzomea, na aliyemzomea zaidi ni rafiki yake wa karibu. "Shabiki gani huyu," akasema, "asiyeweza kukaa mpaka mwisho?" Baada ya Sala ndugu yetu hakurudi ukumbini, kwani ilikuwa ni desturi yake kukaa katika darsa ya baina ya Magharibi na Isha. Huku nyuma, City wakafungwa bao la pili. Ilipotimu dakika ya tisini na hali ni ileile, yule rafiki mzomeaji akasimama, akaitukana timu yake, akatoka akaenda zake nyumbani. Katika dakika tano za nyongeza Edin Džeko akasawazisha, kisha Sergio Agüero akafunga bao la tatu, na ubingwa ukawa wa City. Kesho yake asubuhi yule aliyetoka kwa matusi alipita mtaani amevaa fulana ya timu, anampa mkono kila amkutaye na kumwambia, "Tumechukua!"

Suala la ndugu yetu lilikuwa hili: katika sisi wawili, ni nani aliyekuwa si mwaminifu?

Huenda msomaji akatuuliza, na watu wa darsa ya dini wana kazi gani na mipira ya Wazungu? Twamjibu kwamba kazi ipo. Vijana wetu wanatumia katika kumbi hizo saa nyingi kuliko wanazotumia mbele yetu, na maneno makubwa wanayoyasema huko, uaminifu, kusimama pamoja, kutokimbia, ni maneno ya dini yetu. Mtu akiona mali yake inauzwa katika soko la watu wengine, hana budi kwenda kuuliza bei.

Na tuanze na huo uaminifu. Uaminifu ni tawi la ahadi. Mchezaji ametia sahihi mkataba na anapokea mshahara. Akitoka kiwanjani dakika ya sabini bila ya idhini ya mwalimu wake, amevunja ahadi. Mtazamaji hakutia sahihi kitu. Amelipa kiingilio chake, naye ni kama mtu aliyenunua sahani ya pilau akala nusu akainuka: hakumdhulumu mpishi. Mwenye kuwahi basi, au mwenye mgonjwa nyumbani, au mwenye kuchoka tu, akitoka kabla ya filimbi hana lawama ya mtu yeyote. Kwa hukumu ya sokoni shauri limekwisha hapo.

Lakini shabiki mwenyewe haikubali hukumu hiyo. Ukimwambia kuwa yeye ni mnunuzi tu utamkasirisha. Yeye husema "sisi". Na neno hili "sisi" si dogo. Mwaka 1976 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenziwe walitoa uchunguzi walioufanya katika vyuo vikuu vya nchi ile. Walikuta kwamba timu ya chuo inaposhinda, Jumatatu yake wanafunzi huvaa kwa wingi zaidi nguo zenye jina la chuo chao. Na wakiulizwa habari za mchezo, wepesi wa kusema "tumeshinda" ni wengi, lakini timu ikishindwa neno "sisi" hupungua katika ndimi zao. Hatudhani kwamba Wamarekani ni wabaya kuliko sisi. Keti katika baraza yoyote ya mji huu siku ya Jumapili, utasikia "tumewafunga" kwa mwenye furaha, na "wamecheza ovyo" kwa mwenye huzuni, na timu ni hiyohiyo moja. Mtu akisema "sisi" katika karamu na "wao" katika matanga, jamaa zake wana haki ya kumwuliza ukoo wake ni upi.

Hapa ndipo linapoonekana kosa la yule rafiki. Hakuwa na kosa kwa kutoka, maana miguu ni yake. Kosa lake ni kwamba alimhukumu mwenziwe kwa sheria ambayo yeye mwenyewe hakuishika hata saa moja, kisha akarudi asubuhi kudai fungu katika kitu alichokitupa jioni.

Na liko jambo jingine katika kutoka kwake. Tarehe 26 Mei 1999 mjini Barcelona, Bayern Munich waliwatangulia Manchester United kwa bao la dakika ya sita, wakabaki mbele mpaka dakika tisini zikatimia. Lennart Johansson, aliyekuwa rais wa shirikisho la mpira la Ulaya, alikwisha kuinuka kitini pake akateremka kwa lifti ili awe tayari kutoa kikombe kwa Wajerumani. Yeye alikuwa njiani, huku juu United wakafunga mabao mawili katika dakika za nyongeza. Alipotokea kiwanjani alistaajabu: waliokuwa wakilia ni wale aliowaacha washindi. Mzee yule hakumsaliti mtu, alikuwa katika kazi yake. Lakini alikuwa na yakini ya jambo ambalo halijawa, na yule rafiki ukumbini alikuwa na yakini hiyohiyo. Akataye tamaa hudhani kwamba anaona hali ilivyo, kumbe anadai kuijua ghaibu. Na dini yetu imelikataza hilo kwa nguvu, hata ikakuhesabu kukata tamaa na rehema za Mwenyezi Mungu kuwa ni sifa ya makafiri. Hatusemi kwamba shabiki wa City amekufuru! Twasema kwamba nafsi huzoea, na iliyozoea kuinuka upesi mahali pa upuuzi huinuka upesi mahali pa haki.

Je, kila aondokaye basi ni mtu dhaifu? La. Tarehe 6 Februari 2016 kule Liverpool, wenye timu walikuwa wametangaza kiingilio cha paundi 77 kwa viti vya bei ya juu katika msimu uliokuwa ukija. Mashabiki wapatao elfu kumi walisimama dakika ya 77, timu yao ikiongoza kwa mabao mawili kwa bila dhidi ya Sunderland, wakatoka nje. Walipokwisha kutoka Sunderland wakayarudisha mabao yote mawili. Wako waliosema kwamba waliotoka ndio walioiponza timu. Siku chache baadaye wenye timu walitaka radhi na bei ile ikafutwa. Watu wale tuwaiteje? Walitoka kwa ajili ya timu, ili mtoto wa mfanyakazi wa mji ule asifungiwe mlango wa mahali alipoketi babu yake. Na huenda miongoni mwa waliobaki vitini wamo waliobaki kwa sababu bei ile haikuwauma.

Basi kuketi si uaminifu kwa dhati yake, wala kutoka si usaliti kwa dhati yake. Lazima tuulize, huyu ameketi kwa ajili ya nani, na yule ameinuka kuitikia nini.

Tunao mfano bora wa mtu aliyekaa kutazama mchezo mpaka mwisho. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina, na Mtume (s.a.w.) akasimama akimsitiri ili naye apate kutazama, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipokinai. Wanavyuoni wameitoa katika habari hii hukumu ya kwamba mchezo wa halali wafaa kutazamwa, nasi twaikubali, na wale wenye kuharimisha kila kicheko wakaisome tena. Lakini tutazame Mtume alisimama kwa ajili ya nani. Hakusimama kwa ajili ya mikuki. Alisimama kwa ajili ya mkewe, mwenye umri mdogo na mwenye kupenda kutazama. Huo ndio uaminifu, na mchezo ulikuwa ni mahali pake tu.

Tunao na mfano wa walioondoka. Siku moja ya Ijumaa Mtume amesimama akihutubia, uliingia Madina msafara wa biashara, na watu wakatoka wakauendea. Jabir bin Abdillahi asema hawakubaki ila watu kumi na wawili, miongoni mwao Abubakar na Omar; na kwa sababu hiyo ikateremka aya ya mwisho ya Sura ya Jumua. Watu wale hawakuwa wanafiki. Walikuwa Waislamu wema waliosikia sauti nyingine, na miguu ikatangulia kabla ya akili. Na katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, wapigaji mishale hamsini waliwekwa juu ya kilima chini ya Abdullahi bin Jubeir, wakaamrishwa wasiondoke, yawe yatakavyokuwa, wakiona wenzao wameshinda au wameshindwa. Walipoona adui anakimbia, wengi wao wakateremka kwenye ngawira, wakabaki na jemadari wao kiasi cha watu kumi. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu, akazunguka nyuma kwa farasi, na Waislamu wapatao sabini wakafa mashahidi. Hawa hawakuondoka kwa kukata tamaa. Waliondoka kwa kudhani kuwa mambo yamekwisha kuwa mema, na kwetu sisi leo twaiogopa dhana hiyo zaidi kuliko kukata tamaa. Tazameni misikiti yetu usiku wa kwanza wa Ramadhani, hapana pa kuweka kiatu. Na mtazame usiku wa kumi na tano mtahesabu safu. Vijana walewale wanaojua kwamba mpira huamuliwa katika dakika za nyongeza hawaonekani katika kumi la mwisho, ambalo ndani yake umetajwa usiku ulio bora kuliko miezi elfu.

Nao uaminifu huo tuwape akina nani? Mwaka 1965 timu ya Feisal ya hapa Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya. Leo kijana wa mji huu hawezi kukutajia majina matatu ya waliocheza katika timu ile, lakini aijua fundo ya goti la mchezaji wa London. Timu za mitaa yetu hucheza mbele ya watu wachache na mbuzi, na wachezaji wao ni watoto wa jirani, ambao wangefurahi kuona mzee mmoja amekaa mpaka filimbi. Mapenzi ya mbali yana wepesi wake: hayakutaki uchangie jezi, wala umpeleke aliyevunjika mguu hospitali. Na yana hatari yake pia. Mwezi wa Mei 2009 magazeti yaliandika habari za kijana wa Nairobi aliyejitoa roho baada ya Arsenal kufungwa na Manchester United. Hatujui mzigo mwingine aliokuwa nao, nasi twamwombea rehema. Twajuta tu kwamba katika mji uliojaa watu, "sisi" yake iliyokuwa na nguvu siku ile ilikuwa ya watu wasiomjua.

Turudi kwa ndugu yetu. Kwa insafu hatuna budi kusema kwamba walioketi ukumbini hawakuwa wameacha Sala. Wakati wa Magharibi, kwa kauli yenye nguvu, huendelea mpaka wekundu wa mbingu utoweke, na mchezo ule ulikwisha kabla ya saa moja ya usiku. Waliotaka kusali waliwahi, kila mtu peke yake. Walichokikosa ni jamaa, na kule kuitika mtu anapoitwa. Tulimwambia kwamba yeye hakuivunja ahadi ya City kwa kuwa hakuwa nayo, na ile aliyokuwa nayo aliitimiza.

Tulitaraji atafurahi. Akainamisha kichwa, akasema kuna jambo hakutueleza. Jioni ile walipokuwa wameketi msikitini mbele ya mwalimu, ulisikika ukelele mkubwa kutoka upande wa ukumbi, na yeye akajua maana yake. Akawa amekaa mkekani, kitabu kipo magotini, naye hayupo pale. Mwalimu alinyamaza kidogo mpaka kelele zikatulia, kisha akaendelea kusoma pale alipokuwa amekomea. Tukamwuliza walikuwa wakisoma nini. Alifikiri kwa muda mrefu, lakini hakuweza kukumbuka.