Nani Alinunua Hisa za Mama Mdogo?

Mwaka 2008, serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za NMB kwa wananchi kwa Sh600 kila moja, mama mdogo wangu alichukua 500. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kilosa. Laki tatu haikuwa pesa ya kuchezea.

Desemba 2009 Mto Mkondoa ukafurika. Reli ilikatika, nyumba zikabomoka, na mama mdogo akaanza mwaka mpya ndani ya hema. Akauza hisa zote, akanunua mabati na saruji. Mwaka 2023 hisa moja ilivuka Sh4,000.

Nilizikumbuka hisa hizo majuzi pale Mikumi, malori ya Zambia yakipita, kijana wa bodaboda aliponionyesha Hisa Kiganjani kwenye simu yake. "Kaka, sisi wadogo tunaweza kushindana na ile mifuko mikubwa?"

Nilimjibu kwa mazoea: wao wana wachambuzi, sisi tuna stori za kijiweni. Jibu la kivivu. Hesabu za kampuni zilizoorodheshwa DSE hutangazwa kwa wote. Tena udogo una faida yake: soko letu ni jembamba, na mwenye hisa milioni moja akitaka kutoka kwa haraka anaiangusha bei mwenyewe. Mwenye 500 hutoka bila mtu kugeuka.

Mama mdogo hakuzidiwa akili. Alichagua vizuri. Alizidiwa kusubiri, maana taasisi haina nyumba kando ya Mkondoa.

Je, huo ni ushindani wa haki? Utasema hakulazimishwa, aliuza kwa hiari na kwa bei ya soko. Sawa, lakini hiari ya mtu anayelala kwenye hema ni hiari ya namna gani? Hata hivyo siwezi kuuita wizi. Mnunuzi alimpa fedha siku alipozihitaji. Bila yeye paa lingechelewa.

Na huyo mnunuzi ni nani? Soko halikuambii. Ila mifuko ya pensheni ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa DSE, na mama mdogo alikuwa akikatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda PSPF, mwajiri akiongeza 15. Mwaka 2018 PSPF iliunganishwa na mifuko mingine ikawa PSSSF. Huenda basi aliyemshinda ni fedha yake mwenyewe, ikisubiri kwa niaba yake.

Kijana wa Mikumi hana hati ya mshahara. Hakuna mwajiri wa kumwekea hiyo 15, na hapo ndipo swali lake linaponiuma. Nilimwambia anunue, ila asiguse hesabu ya bosi wala akiba ya matairi.

Mama mdogo nilimpigia simu jioni nikamweleza. Akacheka. "Kama ni mimi niliyezinunua, mbona sikujiongezea bei?"